Shoka, Joka na Punda: Ukoo wa Frankenstein Kabla ya Zimwi

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wasomaji wenzangu katika jioni ya historia. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Vijembe nimeviacha mahali pake.)

Mabibi na mabwana, wazee wangu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango kama watu waliokwisha kuandaa njia ya kutorokea: hamjambo, na karibuni.

Najua kilichowaleta ni jina. Likitajwa jina la Frankenstein sote tunaona picha ileile: jitu lenye paji bapa na vyuma shingoni, linaburuta miguu. Tutalifikia, msiwe na wasiwasi. Kwanza nataka niwakutanishe na wenye jina lao. Walikuwepo kweli. Walikuwa ukoo wa askari wa farasi, makabaila wadogo wa Kijerumani, waliokaa juu ya kilima kimoja kwa miaka 410, wakaoa, wakagombana na majirani, wakashtakiana, wakazikwa. Hawakumfufua maiti yeyote.

Hoja yangu ni moja na mtanivumilia nikiirudia. Hadithi za ukoo huu hazikuzuka hewani. Kila moja imetundikwa kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukiona au kukigusa: jiwe la kaburi, mwamba, jina. Mambo mazito waliyoyafanya kweli yamelala kwenye karatasi, na kwenye karatasi hakuna anayekwenda kutunga hadithi.

Tuanze na kilima. Ukitoka mji wa Darmstadt, kusini mwa Frankfurt, ukaifuata barabara ya kale inayokwenda Heidelberg, mkono wako wa kushoto utaiona milima ya Odenwald ikichomoza ghafla kutoka kwenye uwanda wa mto Rhine. Moja ya vilele vya mwanzo, kiasi cha mita 370 juu ya usawa wa bahari, ndipo penye ngome ya Frankenstein. Ukisimama juu unauona uwanda wote upande wa magharibi. Ukigeuka mashariki unatazama bonde jembamba lenye kijiji cha Nieder-Beerbach. Kikumbukeni hicho kijiji. Joka letu liko huko.

Mwaka 1252 waraka mmoja unamtaja Konrad Reiz wa Breuberg na mkewe Elisabeth wa Weiterstadt, na ndipo ngome inapojitokeza kwenye maandishi kwa mara ya kwanza. Konrad alitoka kwenye ukoo uliokuwa na ngome nyingine ndani zaidi ya Odenwald. Akajenga yake hapa, akachukua jina la kilima, na watoto wake wakawa mabwana wa Frankenstein. Alama yao ilikuwa ubapa wa shoka jekundu juu ya dhahabu. Wengine walijichorea simba na tai. Hawa walichagua chombo cha kukatia kuni, na mimi nawapenda kwa hilo.

Tukisema ngome watu hufikiria mfalme. Ondoeni hilo kichwani. Askari wa farasi wa daraja hili alikuwa bwana wa vijiji vichache, vingine nusu tu, kingine robo. Alipokea nafaka na kuku kutoka kwa wakulima, alisimamia baraza la kijiji, alichagua padri, na vita vikija alipanda farasi kumfuata mkubwa wake. Wakubwa nao walikuwa wamemzunguka pande zote. Kwa Frankenstein jirani mkubwa alikuwa ukoo wa Katzenelnbogen, wenye mali nyingi za kando ya Rhine. Kufikia mwaka 1292 mabwana wa Frankenstein walikuwa wamekubali kuwafungulia lango: Katzenelnbogen wakiwa vitani, ngome iwapokee. Ngome ni yako, lakini jirani ana haki ya kuingia na jeshi lake. Huo ndio uliokuwa uhuru wa mtu mdogo katika karne ya 13.

Mwaka 1363 wakagawana. Ukoo ulikuwa umechanua matawi, na ngome moja ikawa na wenyewe wawili, kila tawi na majengo yake, lango na ua vya pamoja. Wenye uzoefu wa nyumba ya urithi iliyoachiwa watoto wa mama wawili hawahitaji maelezo zaidi. Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na dawa yake: mkataba wa amani ya ngome, ambamo warithi waliapa kwamba ndani ya kuta hakuna kuchomoa upanga, na wakaandika nani analipa mlinzi, nani anatengeneza lango, nani anafungua na kufunga. Ukitaka kumjua askari wa farasi halisi, acha nyimbo za mapenzi zilizoimbwa kwa jina lake, soma ugomvi wake kuhusu mshahara wa bawabu.

Sasa punda, maana nimeahidi punda.

Kati ya haki zote za ukoo huu, iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ambayo Wajerumani wanaiita Eselslehen. Tuiite haki ya punda. Katika utaratibu wa zama zile bwana mdogo alipewa ardhi au mapato na bwana mkubwa kwa sharti la utumishi fulani: kuleta wapiganaji, kulinda daraja, kusindikiza msafara. Mabwana wa Frankenstein walipokea nafaka kila mwaka kutoka upande wa Darmstadt kwa sharti kwamba wawe na punda tayari wakati wowote atakapohitajika. Punda huyo hakuwa wa mizigo. Ilikuwa hivi: mwanamke akimpiga mumewe, na habari zikafika mbele ya baraza, mji ulituma ujumbe kilimani. Frankenstein akateremsha punda, mwanamke akapandishwa juu yake, akazungushwa mjini watu wakimtazama.

Subirini, msicheke kabla sijamaliza, maana utamu uko kwenye kanuni ndogo. Kama mke alimpiga mume kwa hila, kwa kumvizia, basi mtumishi wa Frankenstein ndiye aliyemwongoza punda, na mume akaachwa na heshima yake iliyobaki. Lakini kama mke alimshinda mume ana kwa ana, mapambano ya wazi, basi mume mwenyewe ndiye aliyeshika kamba na kumvuta punda barabarani, mkewe juu, yeye chini. Sheria ilikaa ikaona kwamba kuna kushindwa kwa aibu na kushindwa kwa aibu zaidi.

Nawaambia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ingekuwa hekaya, tungesema imetiwa chumvi. Nayo ilikuwa haki ya kisheria yenye malipo. Ya pili inatuonyesha ukoo ulivyokuwa na nafasi gani duniani. Wafalme walikuwa na wanajeshi wa kuazimana. Hawa walikuwa na punda wa kumwaibisha mwanamke wa Darmstadt, na walimlinda punda huyo kama mboni ya jicho, kwa kuwa haki ikiachwa bila kutumika jirani anadai imekufa. Kuhusu wanawake wenyewe, na kilichowafanya wainue mkono, nyaraka zimenyamaza kimya, na mimi siwezi kuwasemea. Lakini mjue kwamba mume aliyempiga mkewe hakuletewa punda.

Tuteremke sasa Nieder-Beerbach, kanisani.

Ndani ya kanisa la kijiji hicho kuna makaburi ya ukoo, na moja ni la Georg wa Frankenstein, aliyefariki mwaka 1531. Jiwe linamwonyesha akiwa amesimama, amevaa deraya ya chuma kuanzia mabegani hadi miguuni, kama ilivyokuwa desturi. Chini ya nyayo zake kuna joka. Si joka lenye mabawa mapana la kwenye sinema. Ni nyoka mnene aliyekanyagwa, na mkia wake umepanda juu ukajizungusha kwenye mguu wa marehemu.

Wachongaji wa zama hizo waliweka wanyama chini ya miguu ya wafu bila kuona ajabu. Simba kwa ushujaa, mbwa kwa uaminifu, joka kwa uovu ulioshindwa. Tena huyu aliitwa Georg. Mtakatifu mwenye jina hilo, Georg, ndiye muuaji wa joka anayejulikana kuliko wote katika Ukristo. Fundi akiambiwa achonge kaburi la Georg, joka linajileta lenyewe. Habari ya jiwe ilipaswa kuishia hapo.

Lakini mtoto wa kijiji anayekaa kanisani kila Jumapili, mahubiri marefu, hana la kutazama ila lile jiwe, atauliza: bibi, yule nyoka anamfanya nini mguuni? Na bibi lazima ajibu. Majibu ya mabibi wengi yakakusanyika, na katika karne ya 19, Wajerumani walipokuwa wakitembea vijijini kukusanya ngano, yakaingia vitabuni yakiwa yamevalishwa vizuri.

Hadithi inasema hivi. Kisimani karibu na kijiji lilikaa joka. Lilikula ng'ombe, likala watoto, mpaka wanakijiji wakaona afadhali walipe kodi ya damu kuliko kushambuliwa usiku. Zamu ikamfikia Annemarie, binti wa mlinzi wa msitu, msichana mzuri kuliko wote, waliyemwita waridi la bonde. Georg wa Frankenstein alikuwa akimpenda. Akavaa chuma, akashuka kutoka kilimani, akapigana na joka siku nzima. Jua likielekea kuzama akapata upenyo, akalichoma. Joka katika kukata roho likauviringisha mkia kwenye mguu wake, na ncha yenye sumu ikaingia nyuma ya goti, mahali pekee ambapo deraya haikufunika. Joka likafa, Georg akafa, Annemarie akabaki.

Angalieni kazi iliyofanyika hapo. Nyuma ya goti! Msimuliaji wa kwanza alijua deraya. Mtu aliyevaa chuma chote lazima akunje mguu ili apande farasi, na hapo nyuma ya goti sahani ya chuma haikai. Palifunikwa kwa ngozi au pete za chuma, au paliachwa wazi. Hadithi nzima imejengwa kurudi nyuma kutoka kwenye mkia mmoja wa mawe. Kaburi ndilo lililozaa vita.

Wasomi wengine huniudhi hapa. Wakishagundua kwamba joka ni pambo la kaburi, wanafunga daftari, kana kwamba kijiji kilikosea mtihani. Mimi naona kijiji kilisoma jiwe kwa makini kuliko waandishi wengi wa kitaaluma. Tena kilimsamehe mtu wa kabaila, mla nafaka yao na kuku wao, kikamfanya afe kwa ajili ya binti wa mlinzi wa msitu. Georg wa kweli hatujui kama aliwahi kuwapigania. Walimpa kifo walichoona bwana wao anapaswa kufa.

Kuna nyingine mbili nitazipita mbio. Nyuma ya ngome wanasema ipo chemchemi ya ujana. Vikongwe wa vijiji vya jirani walikwenda huko usiku wa mbalamwezi mpevu ya kwanza baada ya usiku wa wachawi wa mwanzo wa Mei, wakapita mitihani ya ujasiri, na aliyeshinda alirudishiwa umri aliokuwa nao usiku wa harusi yake. Na katika msitu kuna miamba yenye sumaku. Hii si hadithi, ukiweka dira juu ya miamba hiyo sindano inapotea. Kabla watu hawajajua sumaku inatoka wapi walisema wachawi hukusanyika pale, na hata leo wapo wanaopanda na dira zao na mishumaa. Miamba haijali.

Turudi kwenye karatasi, maana ukoo ulikaribia kupoteza kila kitu na haukuwa kwa joka.

Mwaka 1479 ukoo wa Katzenelnbogen ulikosa mrithi wa kiume na nchi yao ikaenda kwa watawala wa Hesse, wenye cheo cha Landgraf. Jirani mkubwa akawa mkubwa zaidi. Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa: Landgraf Philipp akawa mfuasi wa Luther, Frankenstein wakabaki Wakatoliki. Kwa hiyo mkawa na hali hii: bwana Mkatoliki juu ya kilima ana haki ya kuteua mchungaji wa kijiji, na Landgraf Mprotestanti aliye bondeni anasema dini ya nchi hii naamua mimi. Mwaka 1567 mambo yakazidi kubana, maana Hesse iligawanywa na Darmstadt yenyewe ikawa makao ya mtawala. Zamani mkubwa alikuwa mbali. Sasa alikuwa anaonekana dirishani.

Frankenstein walishika silaha yao pekee. Walikuwa makabaila huru wa Dola Takatifu la Kirumi, lililozikusanya nchi za Kijerumani, maana yake juu yao hakuna bwana ila Kaizari mwenyewe. Kwenye karatasi mwenye vijiji vitano alikuwa sawa na Landgraf mbele ya Kaizari. Kwenye barabara ya kwenda sokoni haikuwa hivyo. Kesi zilifuatana kuhusu mipaka, misitu, baraza, makanisa. Vikaja Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, vikafagia vijiji vya eneo hilo kwa njaa na tauni. Mwaka 1662 wakauza ngome na vijiji vyake kwa Landgraf Ludwig VI. Walikuwa wamejiwekea akiba: kwa ndoa na binti wa ukoo wa Cleen walikuwa wamepata mali huko Ockstadt, eneo la Wetterau kaskazini mwa Frankfurt, na sasa wakahamia pia Ullstadt katika jimbo la Franken, wakajenga upya maisha yao katikati ya Wakatoliki wenzao. Mwaka 1670 wakapewa ubaroni. Mmoja wao akawa askofu wa Worms, mwingine, Johann Philipp Anton, akawa askofu-mtawala wa Bamberg kuanzia 1746 hadi 1753. Mnaona jinsi walivyoendelea? Waliuza kilima wakapata cheo. Hakuna mshairi aliyelilia hilo.

Ngome ikawa mahali pa kuhifadhia wagonjwa na wakimbizi wa vita, halafu ikaachwa, halafu watu wakabeba mawe. Minara mnayoiona kwenye kadi za posta imetengenezwa karne ya 19 na mafundi waliokuwa na mapenzi mengi kuliko vipimo.

Sasa sikilizeni tarehe vizuri. Mwaka 1673, miaka 11 baada ya kuuzwa, mtoto alizaliwa ngomeni. Aliitwa Johann Konrad Dippel. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, si wa damu ya Frankenstein hata tone. Familia yake ilikuwa huko kutafuta hifadhi. Lakini alipojiandikisha chuoni alijitambulisha kwa jina la mahali alipozaliwa, na hilo likatosha kumfungamanisha na kilima milele.

Dippel alikuwa mtu wa kelele. Alisomea theolojia akagombana na makanisa yote, akaingia kwenye kutafuta dhahabu kwa kuchanganya madawa, akatengeneza mafuta meusi yenye uvundo kwa kuunguza mifupa, damu na viungo vingine vya wanyama, akayauza kama tiba ya karibu kila maradhi. Uvundo wake ulikuwa wa kipekee hata yakaja kutumika, zama za vita vya karne ya 20, kuharibia maji ya visima. Na kwa bahati, kazi zake zilizaa kitu kizuri. Mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 mtengeneza rangi Diesbach alikuwa akichemsha rangi nyekundu. Akatumia potashi iliyochafuliwa na mafuta ya Dippel, ikatoka buluu. Ile buluu ya Prussia, waliyoitumia wachoraji na wachapaji dunia nzima, imetoka kwenye mifupa iliyoungua na uzembe wa kutosafisha vyombo. Dippel mwenyewe alifungwa miaka kadhaa katika kisiwa cha Bornholm na watawala wa Denmark kwa sababu ya mdomo wake. Mwaka 1733 alitangaza kwamba hatakufa kabla ya 1808. Mwaka 1734 akafa.

Mnaona sasa mtu alivyo tayari? Daktari mwenye mifupa na damu, aliyezaliwa Frankenstein, anayedai kuishinda mauti. Kilichobaki ni mwandishi wa riwaya.

Septemba 1814 Mary, ambaye baadaye aliitwa Mary Shelley, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 17. Alikuwa ametoroka nyumbani na mshairi Percy Shelley, fedha zikawaishia Uswisi, wakarudi Uingereza kwa njia ya bei rahisi, kwa mashua kwenye mto Rhine. Mashua ilitia nanga Gernsheim, na kutoka Gernsheim hadi kilima chetu ni kilomita zisizozidi 20. Miaka miwili baadaye, kando ya ziwa Geneva, akaanza riwaya yake ya Frankenstein, ikachapwa 1818 bila jina la mwandishi.

Mnaotarajia niseme alipanda ngomeni akasimuliwa habari za Dippel, poleni. Katika shajara yake ya safari hakuna ngome wala Dippel. Daraja hilo limejengwa na watu wa karne ya 20, kwa mbao zao wenyewe. Na jina Frankenstein halikuwa adimu: kulikuwa na mji wa jina hilo huko Silesia, leo uko Poland, ambako mwaka 1606 wachimba makaburi walishtakiwa kwamba walisambaza tauni kwa unga wa maiti. Kulikuwa na ngome nyingine ya jina hilo huko Pfalz. Tena shujaa wa riwaya, Victor, ni mtu wa Geneva, si baroni na si Mjerumani. Ubaroni na ngome amepewa na watu wa filamu. Miaka ya 1970 wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa na kambi Darmstadt wakaanza kufanya sherehe za mazimwi kilimani kila mwisho wa Oktoba, zikakua zikawa biashara kubwa. Wamarekani wenyewe waliondoka 2008. Mazimwi yakabaki na kiingilio chake.

Na ukoo? Uliendelea kuwepo, ukiandika jina lake Franckenstein kwa c ya zamani, ukiyatazama haya yote kwa mbali. Clemens alikuwa mtunzi wa muziki na msimamizi wa jumba la opera la Munich. Ndugu yake Georg alikuwa balozi wa Austria mjini London. Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938 alikataa kumtumikia, akachukua uraia wa Uingereza. Oktoba 1953 yeye na mkewe walikuwa ndani ya ndege iliyoanguka karibu na Frankfurt. Wapenda laana wamejaribu kuifanya hiyo kuwa laana ya kilima, kwa kuwa ni jirani. Mimi naiita ajali ya ndege.

Kuna mmoja nimemruka kwa makusudi, na ndiye anayetuhusu sisi.

Georg Arbogast wa Franckenstein, aliyezaliwa 1825, bwana wa Ullstadt. Mwanasiasa wa chama cha Zentrum, chama cha Wakatoliki, na makamu wa rais wa Reichstag, bunge la Ujerumani. Mwaka 1879 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alitaka serikali kuu ijitegemee kwa ushuru wa forodha na tumbaku. Franckenstein akaingiza kifungu kinachobeba jina lake hadi leo: mapato hayo yakizidi marki milioni 130 kwa mwaka, ziada igawiwe majimbo. Yaani mjukuu wa watu waliobanwa na Landgraf wa Darmstadt alitumia fursa yake ya kwanza kumfunga kamba mkubwa wa Berlin. Huyo alikuwa na kumbukumbu ya ukoo, hata kama hakuitamka.

Tangu 1875 hadi kufa kwake alikuwa mwenyekiti wa wabunge wa Zentrum, ingawa sauti kubwa ya chama ilikuwa ya Ludwig Windthorst. Sasa twendeni pwani kwetu. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilichukua usimamizi wa pwani na forodha zake kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na Pangani ikawaka, chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi. Kampuni ikafurushwa karibu miji yote. Bismarck alihitaji fedha za bunge, na bila Zentrum ilikuwa vigumu. Njia ikapatikana kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, jambo ambalo Wakatoliki wa Ulaya walikuwa wakilihubiri mwaka huohuo. Desemba 1888 hoja ya Windthorst ikapita bungeni. Januari 1889 Reichstag likaidhinisha marki milioni 2, na Hermann von Wissmann akaajiri Wasudani kutoka Misri na askari kutoka Msumbiji, akaja Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwenyekiti Franckenstein alifariki Januari 1890, wiki chache baadaye.

Sisemi alimnyonga Abushiri. Alikuwa mzee mwenye heshima, na kadiri ninavyojua hakuwahi kuiona bahari ya Hindi. Nasema kwamba wale wabunge ambao kura zao zilifungua mkoba walikuwa wakikaa chini ya uenyekiti wake. Nimesoma vijitabu vya watalii vya Odenwald, vimejaa joka, chemchemi, Dippel na yule binti aliyetoroka. Mzee huyu hayumo, kwa kuwa kaburi lake halina nyoka mguuni.

Nimemaliza upande wangu. Wenye maswali ya joka na punda waanze, hayo ni mepesi. Mwenye swali la Pangani na lile la forodha abaki baada ya chai, maana tutahitaji meza na karatasi.